Ziara ya Mombasa na Ianzie Chetambe

Wahenga walinena kwamba kutembea kwingi ni kuona mengi, lakini hawakusema kwamba kila atembeaye huona. Kila mwaka mabasi ya shule huondoka katika sehemu za Matulo, Webuye, Bungoma na Kitale yakiwa yamesheheni wanafunzi wenye bashasha, yakashika njia ya Mombasa, mwendo wa karibu kilomita 900. Wazazi huwa wamejikakamua. Kuna aliyeuza gunia la mahindi kabla ya bei kupanda, na kuna aliyekopa katika chama cha akina mama. Swali ninalotaka kuwatupia walimu na wanafunzi leo ni jepesi kulitamka ila ni zito kulijibu: mwanafunzi huyo arudipo nyumbani, huwa amerudi na nini?

Aghalabu hurudi na picha za bahari, mchanga katika viatu na kumbukumbu ya kuimba ndani ya basi usiku kucha. Hayo si mabaya. Kijana aliyezaliwa chini ya milima ya Chetambe ana haki ya kuiona bahari na kuionja chumvi yake. Lakini ziara hiyo iliombewa pesa kwa jina la elimu. Ikiwa mwanafunzi wa historia amepita ndani ya Fort Jesus na bado hawezi kueleza ni nani aliyeijenga, ni nani aliyeizingira na ni nani aliyefungwa ndani yake, basi mzazi wake amelipia somo ambalo halikufundishwa.

Chanzo cha kasoro hii ni mtindo wenyewe wa ziara zetu. Basi moja au mawili hufika kwenye lango la ngome, wanafunzi mia moja wakamwagika kwa pamoja, mwelekezi mmoja akapaza sauti, na wale thelathini walio mbele wakasikia. Waliobaki nyuma hupiga soga, hununua barafu na kusubiri kuambiwa waende wapi. Baada ya nusu saa filimbi hulia, kwa maana ratiba inasema kwamba kabla ya jua kutua ni lazima wawe wameiona ngome, bandari, kivuko cha Likoni, pembe za barabara ya Moi na ufuo. Mahali pengi huorodheshwa ili mzazi aone kwamba pesa zake zimefanya kazi. Kumbe orodha ikirefuka, mafunzo hufupika.

Pendekezo langu ni kwamba ziara ya mji wa kihistoria ifanywe kwa vikundi vidogo, wanafunzi kumi au kumi na wawili kwa kila mwelekezi, kwa miguu, na kwa mahali pachache. Huu si uvumbuzi wangu. Katika miji mikongwe ya mwambao kama Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, ambayo UNESCO iliiorodhesha katika Urithi wa Dunia mwaka 2001 na mwaka 2000 mtawalia, mgeni hutembezwa hivyo kwa sababu vichochoro vyenyewe haviruhusu vinginevyo. Mji wa Kale wa Mombasa una barabara pana kidogo kuliko hizo, lakini hata humo umati wa watu mia hauwezi kusimama mbele ya mlango mmoja wa nakshi na wote wakaona yaliyochongwa. Watu kumi wanaweza. Watu kumi huweza pia kuuliza maswali, na mwelekezi akawajibu bila kukauka koo.

Hebu tuitazame ziara kama hiyo ingekuwaje, tuanzie Fort Jesus. Ngome hii ilijengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593 hadi 1596, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mtaalamu wa ngome kutoka Italia. Ukiitazama kutoka angani, ina umbo la mtu aliyelala. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, yaani mawe yaliyotoka katika bahari ileile inayolindwa. Mwelekezi mzuri hatakimbilia kuyataja haya yote mlangoni. Atawasimamisha wanafunzi wake kumi juu ya ukuta na kuwauliza: adui wa Mreno alitarajiwa kutoka wapi, baharini au bara? Nao wakiiona mizinga iliyoelekezwa majini na handaki lililochimbwa upande wa nchi kavu, watajijibu wenyewe kwamba mwenye ngome aliogopa pande zote mbili. Mwanafunzi aliyefika kwenye jibu hilo kwa macho yake hatalisahau katika chumba cha mtihani.

Baadaye atawasimulia habari za Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme wa Mombasa aliyelelewa Goa kama Mkristo, akapewa jina la Jerónimo, kisha mwaka 1631 akawageukia Wareno waliomlea na kuiteka ngome hiyo. Hapo kuna mjadala wa kutosha kipindi kizima: je, mtu huyu alikuwa msaliti au mkombozi? Atawaeleza pia jinsi Waomani walivyoizingira ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33, na jinsi njaa na maradhi yalivyowaua waliokuwa ndani kuliko risasi. Meli ya Kireno iliyoitwa Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, ilichunguzwa na wapiga mbizi katika miaka ya 1970, na baadhi ya vyombo vilivyoopolewa vimewekwa katika jumba la makumbusho lililomo ngomeni. Ukutani kuna michoro ya meli na watu iliyochorwa na mabaharia wa Kireno waliokuwa wakipitisha muda. Mwanafunzi akipewa robo saa ya kuketi mbele ya michoro hiyo na kuinakili katika daftari, atatambua kwamba historia ilitendwa na watu waliochoka na kukumbuka kwao, kama achokavyo yeye katika masomo ya jioni.

Kutoka ngomeni hadi Ndia Kuu ni hatua chache, na hapa ndipo mwalimu wa Kiswahili anapochukua zamu kutoka kwa mwalimu wa historia. Jina lenyewe la barabara ni somo. Katika Kimvita, lahaja ya Mombasa, njia ni ndia, njaa ni ndaa, macho ni mato, na kucheka ni kuteka. Mwanafunzi wa Bungoma aliyekariri vitabuni kwamba lahaja hutofautiana kimatamshi anaisoma tofauti hiyo ukutani, imeandikwa kwa herufi kubwa. Akiwa hapo, aelezwe kwamba Kiswahili sanifu anachofanyia mtihani kiliegemezwa kwenye Kiunguja baada ya mkutano uliofanyika mjini humu humu Mombasa mwaka 1928, na kwamba Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ndiyo iliyosimamia usanifishaji huo. Aelezwe pia kwamba mji huu ndio wa Muyaka bin Haji, malenga aliyezitia siasa za zama za Mazrui katika tungo, na ndiko alikofanyia kazi Sheikh Ahmed Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, ambaye anatajwa kuwa ndiye aliyetuachia neno runinga. Mwanafunzi atajua basi kwamba maneno anayoyapata kwenye kamusi yana wenyewe na yana mitaa yalikotoka.

Mbele kidogo yupo Msikiti wa Mandhry, ambao husemekana ulijengwa mwaka 1570, kabla ya Fort Jesus yenyewe. Hilo peke yake linatosha kuvunja dhana kwamba Mombasa ilianza na Mreno. Msafiri Ibn Battuta alipita hapa mwaka 1331 na kuandika kuhusu watu wacha Mungu wenye misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, takriban miaka 167 kabla ya Vasco da Gama kutia nanga mwaka 1498. Karibu na maji ipo Leven House, iliyopata jina kutokana na meli ya Kiingereza ya nahodha William Owen. Kati ya mwaka 1824 na 1826, Wamazrui waliikaribisha bendera ya Uingereza ili iwakinge dhidi ya Seyyid Said wa Omani. Ulinzi huo haukudumu, na mwaka 1837 Said aliutwaa mji. Anayeitafakari habari hiyo hujifunza kwamba wenyeji wa pwani hawakuwa watazamaji tu wa siasa za wageni. Walizicheza, mara wakashinda na mara wakashindwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niishike kalamu. Mwanafunzi wa Matulo akielezwa haya yote, huenda akayapokea kama hadithi za watu wengine, za bahari na za ng'ambo. Ni wajibu wa mwalimu wake kumwonyesha kwamba sivyo. Na ushahidi wa kumwonyesha umo katika mwaka mmoja tu, mwaka 1895.

Tarehe 1 Julai mwaka huo, Uingereza ilitangaza Himaya ya Afrika Mashariki. Mwaka huo huo Fort Jesus ikageuzwa gereza, na ikabaki gereza hadi mwaka 1958, ndipo ikakabidhiwa watu wa makumbusho. Milango ilifunguliwa kwa umma mwaka 1960, na mwaka 2011 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka huo huo wa 1895, Sheikh Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui aliinuka dhidi ya watawala wapya huko pwani, na vita vyake havikwisha hadi mwaka 1896 alipovuka mpaka na kuingia katika himaya ya Wajerumani. Na mwaka huo huo, mnamo Agosti, C. W. Hobley aliongoza kikosi cha Waingereza na washirika wao dhidi ya Wabukusu. Vita vilipiganwa Lumboka, kisha vikapandishwa hadi Chetambe, katika milima inayotazama mji wa Webuye. Watu waliokuwa nyuma ya kuta za udongo na handaki, wakiwa na mikuki na bunduki chache, walikabiliwa na bunduki za rasharasha. Waliouawa walikuwa wengi, na ng'ombe wakatekwa.

Nchi ya magharibi ilikuwa ikitawaliwa kutoka Uganda wakati huo na ilihamishiwa upande wa Kenya mwaka 1902. Kwa hiyo kwenye karatasi za serikali vita vya Mbaruk na vya Chetambe vilikuwa katika mafaili mawili tofauti. Lakini kwa aliyepigwa, mkono ulikuwa mmoja. Kijana wa Matulo anaposimama katika ua wa Fort Jesus anasimama ndani ya gereza lililofunguliwa na utawala uleule ulioivunja ngome ya kwao, katika mwaka uleule. Tena uhusiano haukuishia hapo. Mwaka 1947 Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa aliwaongoza wafuasi wake hadi Chetambe kuwakumbuka waliouawa huko. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilimkamata na kumpeleka mbali na watu wake, mahali ambapo ilidhani sauti yake haingesikika. Mahali hapo palikuwa Lamu.

Kadhalika, kabla ya Hobley, njia baina ya pwani na magharibi ilikuwa imekwisha kukanyagwa. Misafara ya wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu ilifika Mumias katika karne ya 19 ikitafuta pembe za ndovu na watumwa, ikaacha lugha na dini ya Kiislamu. Upande wa pili wa mkondo, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, lipo eneo la Kengeleni, lililopata jina kwa kengele ya Frere Town, makao yaliyoanzishwa na wamishonari katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Jambo hili halipendezi kulisimulia mbele ya wageni, lakini ziara inayoficha uchungu wa mji haiwezi kuitwa ya elimu. Katika kikundi cha watu kumi swali la utumwa huulizwa na kujibiwa kwa staha. Katika umati wa watu mia hugeuka kuwa mzaha au kukwepwa kabisa.

Ndiyo maana nasema safari ya Mombasa na ianzie Chetambe. Mwanafunzi wa Matulo apande kwanza mlima ulio karibu na nyumbani, aone mahali palipokuwa na handaki, awasikilize wazee wa Kibukusu na Kitachoni wanavyosimulia. Wiki nyingine aende Kitale, ambako jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1974 lilijengwa juu ya msingi wa mkusanyiko wa Hugh Stoneham, mlowezi aliyependa kukusanya wadudu, ndege na vyombo vya wenyeji. Humo atajifunza kuuliza maswali ya makumbusho: kitu hiki kilitoka wapi, nani alikichukua, kwa nini kimewekwa hapa? Ajapo kupanda basi la kwenda pwani, atakuwa anakwenda kulinganisha, na mwenye cha kulinganisha huona zaidi ya asiye nacho.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Ya kwanza ni ya fedha: waelekezi watano ni ghali kuliko mmoja. Ni kweli, lakini tupige hesabu kwa uangalifu. Gharama kubwa ya ziara kutoka magharibi ni usafiri, malazi na chakula, na mwelekezi ni sehemu ndogo ya jumla hiyo. Shule ikiondoa mahali pawili katika orodha ndefu, pamoja na viingilio na mafuta yake, itakuwa imepata sehemu ya malipo ya mwelekezi wa pili na wa tatu. Mapatano yafanywe mapema, na wachaguliwe waelekezi wenye vibali, ili bei isije ikapandishwa langoni mbele ya watoto.

Pingamizi ya pili ni ya usalama: mwalimu anahofu kuwagawanya wanafunzi katika mji mgeni. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, ni rahisi kuwahesabu watoto kumi kila baada ya dakika kumi kuliko kuhesabu mia moja mara mbili kwa siku. Basi la wanafunzi 50 linaweza kugawanywa katika vikundi vitano, kila kimoja na mwalimu au mzazi wake, vikaanza sehemu tofauti: kimoja juu ya kuta za ngome, kingine katika makumbusho, kingine Ndia Kuu, kingine Bandari ya Kale, na kingine kimeketi kivulini kinaandika. Baada ya muda uliokubaliwa, vinabadilishana. Hakuna kikundi kinachomkanyaga mwenzake.

Pingamizi ya tatu ndiyo nzito zaidi, nayo ni ya haki. Je, vipi kuhusu mwanafunzi ambaye mzazi wake hakuweza kulipa? Katika madarasa mengi ya kwetu huyo ndiye aliye wengi. Sina dawa ya kuondoa umaskini katika safu hii, lakini nina mambo mawili ya kusema. Kwanza, Chetambe haina nauli ya kumzuia mtu. Darasa zima linaweza kwenda kwa miguu au kwa gharama ndogo, na huko ndiko nusu ya somo iliko. Pili, kila anayekwenda Mombasa apewe deni. Apewe swali moja kabla ya safari, mathalani kuhusu visima vya ngome, nakshi za milango, Kimvita au gereza, kisha akirudi asimame mbele ya wenzake na kulijibu kwa mchoro na maelezo.  Mtaala wa umilisi, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2019, unadai waziwazi kwamba mwanafunzi atende na aeleze. Ziara ya vikundi vidogo ni mahali pazuri pa kuanzia.

Tusisahau, hatimaye, kwamba Mji wa Kale ni makazi ya watu. Nyuma ya mlango unaopigwa picha kuna mama anayekaanga mahamri na mtoto anayefanya kazi ya shule. Umati wa wanafunzi unaopiga kelele chini ya dirisha lake ni kero. Kikundi cha watu kumi kinachotoa salamu ya heshima hupata jibu, pengine na hadithi juu yake. Mwanafunzi avae mavazi ya staha, avue viatu panapostahili, aombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na amwite mzee wa pale kwa heshima ileile anayompa babu yake Matulo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema Waswahili. Mgeni anayekuja na kumsumbua mwenyeji hajamponya.

Walimu wenzangu, muhula ujao barua za kuwaomba wazazi pesa za ziara zitaandikwa. Kabla ya kuipiga mhuri, tuongeze sentensi tatu: wanafunzi watagawanywa vipi, kila mmoja atatafuta jibu la swali gani, na waliobaki watapokea nini. Nanyi wanafunzi, msingoje kuambiwa. Jumamosi hii Chetambe ipo pale pale ilipo. Pandeni na daftari, mwulizeni mzee mmoja maswali matano, na majibu yake myaweke hadi siku mtakapouona mlango wa Fort Jesus.